Kaswende kwenye kipimo cha kliniki, na mume anasema yeye mzima

Mdogo wangu, umeandika kwamba una mimba ya miezi minne, kliniki wamekukuta na kaswende, na mumeo anasema hana kidonda wala muwasho, kwa hiyo ukameze azithromaisini ya dukani yaishe. Nami niliyasikia hayohayo kwenye mimba yangu ya kwanza, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Kutokuwa na dalili si ushahidi wa uzima. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, na baada ya wiki chache hufunga chenyewe. Kwa mwanamke kinaweza kujificha ndani ya uke asikione kabisa. Vipele vinaweza kufuata, hata viganjani na nyayoni, navyo vikapotea. Kisha ugonjwa hunyamaza mwilini kwa miaka. Kwa hiyo kipimo hicho hakisemi nani kamwambukiza nani, wala lini. Kesi ya nani kaileta iacheni kwanza, mtoto atibiwe.

Tiba ya mjamzito ni sindano ya benzathini penisilini. Azithromaisini haimfikii mtoto vya kutosha, na doksisaiklini hapewi mjamzito. Mimi nilichomwa mbili siku moja, moja kila tako. Zinauma kweli, na usiku nikapata homa. Nesi alishanitahadharisha kwamba hutokea. Kama haijulikani umeambukizwa lini, utarudi kuchomwa kila wiki kwa wiki tatu. Usiruke hata moja. Kama penisilini iliwahi kukudhuru, sema kabla ya sindano. Na nenda wiki hii hii, kwa sababu tiba inatakiwa itangulie kujifungua kwa mwezi mmoja au zaidi. Kaswende isiyotibiwa inaweza kumuua mtoto tumboni, au akazaliwa nayo.

Kuhusu mumeo: mimi nilimwomba nesi amweleze yeye. Baba watoto alifika amekasirika, akasikiliza, akapimwa, akachomwa siku ileile. Maneno yangu nyumbani yasingefika huko. Ila kama unahofia atakupiga, mwambie nesi mkiwa wawili tu, kabla mumeo hajaitwa. Msikutane kimwili mpaka wote mmetibiwa na nesi amewaruhusu, la sivyo atakuambukiza upya. Na wote wawili mpime VVU.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Mimba yangu ya pili, kipimo cha haraka kilisoma chanya tena, nikatetemeka. Kumbe kipimo hicho hutafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza, na kwa kawaida hubaki hata ukishapona. Kinachoonyesha kama tiba imefanya kazi ni kipimo kingine cha damu kiitwacho RPR, ambacho kiwango chake hushuka. Kadi yangu ya zamani ilikuwa na tarehe za sindano na majibu ya RPR, wakalinganisha, sikuchomwa tena. Kwa hiyo hakikisha kila sindano imeandikwa kwenye kadi yako, na siku ya kujifungua mwonyeshe mkunga ili mtoto naye achunguzwe.