Mrahisishie mtumishi wa chuo kusema hapana

Nimefanya kazi ya kuratibu mitihani chuo kikuu kwa miaka mingi, na kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina za maadili: watumishi wengi wa chuo hawaamki asubuhi wakitafuta rushwa. Rushwa ndiyo inayowafuata. Inakuja na salamu za shemeji. Inakuja na simu ya mkubwa anayeulizia "yule kijana wetu amefikia wapi". Inakuja na mzazi aliyesafiri usiku kucha, bahasha mkononi na machozi machoni. Mtumishi aliyeachwa peke yake na uamuzi mzito, asiye na shahidi wala utaratibu wa kuegemea, atakataa leo, atakataa kesho, na siku ada ya mwanawe itakapokwama ataanza kusikiliza. Ndiyo maana kila ninapoombwa ushauri na wakuu wa idara huwauliza kwanza: mtumishi wenu akitaka kukataa, mmempa nini cha kushika?

Anzeni na alama, maana huko ndiko presha ilipo kubwa. Jina la mwanafunzi lisionekane kwenye kijitabu cha majibu, iwepo namba ya mtihani tu, na orodha ya kuunganisha namba na majina ikae kwa mtu asiyesahihisha. Tulipoanza kufanya hivyo, wahadhiri walipumua. Shangazi akipiga simu, mhadhiri alikuwa na jibu la kweli: "Sijui karatasi ya mtoto wako ni ipi." Jibu hilo halivunji undugu wala halimfanyi mtu aonekane ana roho mbaya. Kisha awepo msahihishaji wa pili kwa karatasi zilizo karibu na mpaka wa kufaulu na zile zenye alama za juu kabisa, na mtahini wa nje, yaani anayetoka chuo kingine kukagua usahihishaji, apewe karatasi zenyewe, si jedwali la matokeo peke yake.

Ila nawaomba msiishie kwenye mtihani wa mwisho. Mwanya mpana zaidi uko kwenye alama za kazi za muhula: majaribio, mazoezi, mawasilisho ya darasani. Hizo hutolewa na mtu mmoja, anayewajua wanafunzi wake kwa sura na majina, na mara nyingi hakuna anayezipitia. Dawa yake ni nyepesi. Zitangazwe kwa namba za usajili kabla mtihani wa mwisho haujafanyika, na zikishatangazwa zisibadilishwe bila kibali cha idara. Alama iliyokuwa 14 wiki ya mwisho ya masomo ikionekana 32 kwenye matokeo, mtu yeyote ataiona. Na mhadhiri anayeshinikizwa aipandishe atasema, kwa haki kabisa, kwamba haiko tena mikononi mwake.

Halafu kuna mfumo wa kompyuta. Vyuo hununua mifumo ya bei kubwa, kisha mhadhiri anampa katibu muhtasi nywila yake amwingizie alama kwa sababu mtandao ni wa taratibu na yeye ana safari. Kuanzia hapo kumbukumbu za mfumo hazina maana, maana jina linaloonekana si la mtu aliyeketi kwenye kiti. Nimewahi kushiriki kupitia kumbukumbu za namna hiyo katika chuo kimoja, tukakuta alama zilizobadilishwa baada ya seneti, baraza la taaluma la chuo, kuidhinisha matokeo, kwa akaunti ya mtu ambaye siku hiyo hakuwepo kabisa. Aliyefanya hakujulikana, na watu wasio na hatia walibaki na doa. Kila mtu aingie kwa nywila yake. Kila badiliko lionyeshe nani, lini, kutoka ngapi kwenda ngapi na kwa sababu gani. Mkuu wa idara apokee orodha ya mabadiliko kila wiki, hata kama ni tupu.

Wapo wanaoniambia kwamba tatizo lote ni mishahara midogo. Malipo yana uzito wake, na chuo kinachomkopa mhadhiri wa muda malipo yake muhula mzima kinamweka kwenye majaribu. Lakini tazameni kesi iliyofichuliwa Marekani mwezi Machi 2019. William Rick Singer alikuwa akiwauzia wazazi matajiri nafasi za watoto wao vyuoni, na miongoni mwa waliopokea fedha zake walikuwa makocha wa michezo wa vyuo vikuu maarufu, Yale ikiwemo. Hao hawakuwa watu wenye njaa. Walichokuwa nacho ni mamlaka ya kutamka kwamba kijana fulani ni mwanamichezo wa timu, ofisi ya udahili ikawaamini bila mtu wa pili kuthibitisha. Singer alihukumiwa mwaka 2023 kifungo cha miaka mitatu na nusu. Georgia, ile nchi ya Kaukasia, ilipita njia nyingine. Huko wazazi walikuwa wamezoea kununua nafasi vyuoni, kwa kuwa kila chuo kilitunga na kusahihisha mtihani wake wa kuingilia. Mwaka 2005 serikali ilivinyang'anya vyuo kazi hiyo, ikaweka mtihani mmoja wa taifa. Mhadhiri hakuwa tena na nafasi ya kuuza, na hakukuwa na sababu ya mtu kumfuata.

Sasa niseme kuhusu rushwa ya ngono, nami naomba nisikilizwe vizuri. Tanzania, kwa mfano, imeitaja waziwazi katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na hilo ni jema. Lakini sheria iko mbali na binti aliyekaa bwenini akiwaza mtihani wa kesho. Nimekaa kwenye vikao vilivyosikiliza malalamiko haya. Kila mara nilikuta yale yale: mwanafunzi yuko tayari kusema, ila anaomba tusubiri kwanza matokeo yatoke. Matokeo yakitoka, jumbe za simu zimeshafutwa, mashahidi wamehitimu, na yeye mwenyewe anataka kusahau. Anachoogopa ni kalamu ya mhadhiri. Kwa hiyo itoeni kalamu hiyo mkononi mwa mlalamikiwa siku ile ile lalamiko linapopokelewa: karatasi za mwanafunzi huyo, alama zake za muhula na usimamizi wa utafiti wake vihamie kwa mtu mwingine kabla uchunguzi haujaanza. Huko si kumhukumu mhadhiri. Kama hana kosa, naye amelindwa dhidi ya kuambiwa baadaye kwamba alilipiza kisasi.

Wanafunzi wa uzamili wako kwenye hatari kubwa kuliko wote, wa kike kwa wa kiume, kwa kuwa msimamizi mmoja anaweza kukalia tasnifu hata mwaka. Kuna vyuo ambavyo fomu ya kuomba kubadilishiwa msimamizi inadai saini ya msimamizi yule yule! Iondoeni saini hiyo. Wekeni siku za mwisho za kurudisha maoni, maoni yawe ya maandishi, na vikao vifanyike ofisini, saa za kazi.

Ucheleweshaji ni mama wa hongo ndogo ndogo. Transkripti, ile hati ya matokeo ya mhitimu, ikiwa haina tarehe inayojulikana ya kutoka, kila karani anaweza kuifanya "iharakishwe". Bandikeni mlangoni idadi ya siku, pokeeni maombi kwa namba, na toeni kwa kufuata namba. Vitini navyo visiuzwe na mhadhiri kwa mkono wake mwenyewe, huku akiweka alama ya vema kwa waliolipa. Kwenye manunuzi nitasema moja tu, maana wakaguzi wanalijua vizuri kuliko mimi: ombi kubwa likigawanywa vipande vidogo ili lisifike kwenye kamati ya zabuni, msitafute maelezo kwa karani aliyejaza fomu, mwiteni aliyeidhinisha.

Wewe mtumishi mpya unayesoma haya, ombi la kwanza likija, na litakuja, jibu kwa upole, kisha siku hiyo hiyo andika: nani amepiga, ameomba nini, umemjibu nini. Mpelekee mkuu wako wa idara. Kama aliyepiga ndiye mkuu wako, peleka kwa mkaguzi wa ndani au kamati ya uadilifu, ubaki na nakala. Nanyi viongozi, mkipokea andiko la namna hiyo lijibuni kwa maandishi ndani ya wiki moja, mkieleza mlichofanya. Mtumishi aliyeandika akanyamaziwa hataandika tena, na wenzake watakuwa wameona.