Wasomaji Wanauliza: Mshubiri Unaokufa Chupani

SWALI: Tunazalisha miche ya mshubiri kwa njia ya tishu (kukuza vipande vidogo vya mmea chupani) katika maabara ndogo. Siku 3 baada ya kupanda, vipande vinageuka kahawia na agari (jeli ya lishe) chini yake inakuwa nyeusi. Tumeongeza bilichi na muda wa kutakasa, hali ndiyo kwanza imezidi. Tunakosea wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Acheni kwanza kuongeza bilichi. Weusi huo si vijidudu. Bakteria wangeonekana kama uji mweupe kuzunguka kitako cha kipande, na kuvu kama pamba. Mshubiri ukikatwa hutoa utomvu wa manjano wenye kemikali nyingi ziitwazo fenoli. Zikikutana na hewa hugeuka kahawia na kukidhuru kipande chenyewe. Bilichi kali huunguza seli, na seli zilizoungua humwaga fenoli zaidi.

Chukueni machipukizi ya pembeni, mbandue majani ya nje hadi kibaki kiini cha sentimita 1.5 hivi, pamoja na kipande kidogo cha shina. Kiacheni chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 30. Msiharakishe hatua hii, kwani utomvu mwingi huondokea hapa. Kisha alkoholi ya asilimia 70 kwa sekunde 30, halafu bilichi ya asilimia 3.5 iliyozimuliwa kwa maji mara mbili yake, na matone 2 ya sabuni ya maji, dakika 15. Suuzeni mara 3 kwa maji yaliyopita kwenye otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke wa shinikizo). Sehemu zilizopauka zikateni kwa wembe mpya. Wembe butu husaga seli.

Kila lita ya lishe ya Murashige na Skoog (mchanganyiko wa madini na vitamini za mimea) itiwe sukari gramu 30, agari gramu 8, na homoni za mimea: BAP miligramu 1 na NAA miligramu 0.2. pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe 5.8. Asidi askobiki (vitamini C) ya kuzuia ukahawia, miligramu 100, ipitishwe kwenye chujio la kuzuia vijidudu na kutiwa lishe ikishapoa kiasi, kwa sababu joto la otoklevu huiharibu.

Wekeni chupa gizani wiki ya kwanza, nyuzi 25. Msingoje agari iwe nyeusi: hamisheni vipande kwenye chupa mpya siku ya 3, tena siku ya 7, kisha kila wiki 4.

Mkaa wa maabara (mkaa amilifu) nao hunyonya fenoli, lakini hunyonya pia BAP, na vichipukizi huwa vichache. Utunzeni kwa hatua ya mizizi, gramu 1 kwa lita, bila homoni.