Taa ya kushoto haiwaki: usinunue taa nzima kabla hujaoneshwa umeme unapotea wapi

Nilikuwa natoka Sikonge na madumu kumi na mawili ya asali nyuma ya gari, saa mbili kasoro usiku, taa ya kushoto ikafifia karibu kuzimika kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Barabara ya kutoka Sikonge kuja Tabora mjini ni lami nzuri, kama kilomita 70, lakini usiku ina baiskeli zisizo na taa, mikokoteni na ng'ombe waliochelewa kurudi zizini. Mbele yangu kulikuwa na baba mmoja amebeba magunia mawili ya mkaa kwenye baiskeli, kushoto kabisa mwa barabara. Taa za dimu (mwanga wa chini) za magari yetu zimetengenezwa zipige mbali zaidi upande wa kushoto ili zisimwumize macho anayekuja, na ile iliyokufa ndiyo iliyokuwa upande wa yule baba. Nilimwona nikiwa nimebakiza hatua chache sana. Nilimkwepa, nikasimama pembeni, nikakaa pale mpaka mikono ilipoacha kutetemeka.

Kufikia usiku ule nilikuwa nimeshatumia shilingi 195,000 kwenye taa hiyo moja. Naandika ili wewe usizitumie.

Gari nilinunua yadi. Limetumika, limetoka Japani, na upande wa kushoto mbele lilikuwa limepigwa rangi upya kabla sijalikuta, jambo ambalo muuzaji alinieleza kuwa ni "mkwaruzo wa bandarini tu". Wiki ya pili taa ya kushoto ikaanza kufifia. Nilirudi yadi. Kijana wao akafungua boneti, akatazama kama dakika moja, akasema globu imeungua. Nikalipa 15,000, globu mpya ikawaka, nikaondoka nimefurahi. Baada ya siku nne ikafifia tena. Safari hii wakasema: "Mama, hapa ni taa nzima, ndani imeshaharibika." Taa iliyotumika, 180,000 pamoja na ufundi. Nilipouliza kwa nini gari la wiki tatu linadai taa, bosi mwenyewe alinijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Ukishatoka getini, gari ni lako." Nililipa, maana asali haisubiri. Taa ikawaka siku mbili.

Angalia hapo. Mara zote mbili taa iliwaka baada ya kuguswa, kisha ikafa. Hiyo peke yake ilitosha kutufanya tushuku kwamba kifaa si kibovu. Anayegusa nyaya anazitikisa, zinashikana kwa muda, halafu mtikisiko wa barabara unaziachanisha tena. Sikulijua hilo wakati ule.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, anafanyia kazi chini ya mwembe maeneo ya Isevya. Nilifika asubuhi, nikamwamkia, akaniitikia kwa "Mwangaluka, mwanangu," akaniambia niwashe taa kisha nimweleze ninachokiona, yeye hata spana hajashika. Fulu (mwanga wa mbali) ya kushoto hafifu. Dimu ya kushoto hafifu. Kulia zote nzuri. Akaniambia niwashe indiketa ya kushoto. Kila indiketa ilipowaka, taa kubwa nayo ikawa inapepesa, inafifia na kurudi. Mzee akatikisa kichwa: "Globu haina kosa. Hiyo ni ethi."

Maelezo yake nayaweka hapa kama nilivyoyaelewa, kwa sababu ndiyo yatakayokusaidia. Ikifa dimu peke yake na fulu ya upande uleule inawaka vizuri, shuku globu kwanza, kwa kuwa ndani yake kuna nyuzi mbili na moja imekatika (kama gari lako linatumia globu moja kwa kazi zote mbili). Zikifa pande zote mbili kwa pamoja, tafuta kwenye rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi yenyewe au fyuzi kuu. Upande mmoja ukizima kabisa, tazama fyuzi ya upande huo, kwani magari mengi yana fyuzi ya kushoto na ya kulia. Nyekundu ni ya ampea 10, ya bluu ni 15, ya njano ni 20, na usiweke kubwa kuliko iliyokuwepo. Lakini fulu na dimu za upande mmoja zikififia kwa pamoja bila kuzima, na indiketa inazichezesha, umeme unaingia vizuri ila njia ya kurudi imebanwa. Njia hiyo ya kurudi ndiyo ethi: waya mweusi, au mweupe wenye mstari mweusi kutegemea gari, unaokwenda kufungwa na bolti kwenye bodi.

Kijana wa yadi alikuwa amepima pia, na sitaki kumwonea. Alichomoa plagi ya globu, akaweka multimita (kipimo cha umeme), akaona volti 12 na zaidi, akanionesha: "Umeme upo." Ni kweli ulikuwepo. Ila multimita hainywi umeme. Fikiria bomba lililojaa mchanga: ukiliziba mwisho kwa kidole unasikia presha, ukiliachia, ndoo haijai. Globu ya wati 55 inahitaji karibu ampea 4.6, na hapo ndipo njia iliyobanwa inapojulikana. Kwa hiyo pima taa ikiwa inawaka, plagi ikiwa mahali pake. Ncha moja ya multimita iweke kwenye hasi ya betri, nyingine iingize kwa nyuma ya plagi kwenye waya wa ethi. Ikisoma sifuri au karibu na hapo, ethi ni nzima. Ya kwangu ilisoma 7.1. Maana yake zaidi ya nusu ya umeme wa betri ulikuwa unapotea kwenye njia ya kurudi, na globu ikabakia na volti tano hivi. Ndiyo maana uzi wake ulikuwa mwekundu kama kaa la moto badala ya kuwa mweupe.

Tuliufuata waya kwa vidole hadi nyuma ya taa, chini ya sehemu ya betri. Bolti ya spana namba 10. Mzee alipoifungua aliniita nisogee niangalie mwenyewe. Kile kipete cha shaba cha mwisho wa waya kilikuwa kimekalia rangi. Rangi safi, ya kung'aa, ileile ya bodi. Waliopiga rangi walifungua nyaya, wakapuliza mpaka kwenye tundu la bolti, wakarudisha nyaya juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Umeme wote wa taa za kushoto ulikuwa unarudi kupitia meno ya bolti peke yake. Mzee akachukua kipande cha msasa, akasugua duara la ukubwa wa sarafu mpaka chuma kikawa cheupe, akasugua na kipete, akakaza, akapaka grisi juu ili unyevu usiingie. Multimita ikasoma 0.05. Dakika kumi na tano. Alinidai 10,000.

Kuna jambo jingine alinikataza ambalo madereva wengi wa safari za usiku wanalifanya: kufunga globu ya wati 100 ili kuona mbali. Globu hiyo inavuta zaidi ya ampea 8 kwenye nyaya zilizopangiwa nusu yake, plagi inayeyuka, na kesho unatafuta tatizo jipya. Na ukibadili globu ya halojeni usishike kioo kwa vidole. Mafuta ya mkono yanachoma doa kwenye kioo hicho kikipata joto. Ukishaishika, ifute kwa spiriti.

Sasa kuhusu yadi. Sikwenda kugombana. Kwanza nilipiga video multimita ikisoma 7.1 na ile rangi chini ya kipete kabla haijasuguliwa, na hili ni muhimu sana, kwa sababu ikishasuguliwa ushahidi umekwisha. Pili niliandika barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya kununua gari, tarehe za kurudi, nilichoambiwa, nilicholipa, kilichokutwa, ninachodai. Nikaambatisha nakala za risiti za EFD. Nikapeleka nakala mbili, nikaomba moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Bosi yuleyule safari hii aliinua macho. Nilimwambia kwa heshima: "Kaka, sidai gari lirudi. Nadai pesa ya taa ambayo haikuwa mbovu." Kwenye barua nilitaja Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na kwamba nisipojibiwa ndani ya siku kumi na nne nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa pia kazi ya kumlinda mlaji.

Siku ya tisa wakanipigia. Walirudisha 150,000, wakakata 30,000 wakisema ni ya ufundi, na globu ya 15,000 hawakuizungumzia. Nilikubali, nikasaini, nikachukua nakala. Naona bado walinidhulumu 45,000, na nimewaambia hivyo ana kwa ana.

Kama gari lako limewahi kupigwa rangi mbele, usisubiri taa ififie. Mwombe fundi afungue bolti za ethi za pande zote mbili na utazame chini yake. Ya kulia kwangu ilikuwa inawaka vizuri tu, lakini mzee aliifungua siku ileile, na nusu ya kipete ilikuwa imekalia rangi.