Betri ya moyo na kamba ya tanga

SWALI: Baba yetu ana miaka 68, ni mvuvi hapa Shela, Lamu. Ameanguka mara mbili kwa kizunguzungu, na kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha mapigo 34 kwa dakika. Daktari wa Mombasa anasema awekewe betri ya moyo. Je, atapasuliwa kifua? Ataweza tena kupandisha tanga? – Bintiye

JIBU: Poleni, dada. Betri ya moyo ni kiboksi kinachoupigisha moyo kwa umeme. Kifua hakipasuliwi. Hutiwa ganzi chini ya mtulinga, ngozi ikachanwa sentimita chache, waya ukapitishwa mshipani mpaka moyoni. Kiboksi chenyewe hukaa chini ya ngozi.

Kwa mvuvi, hatari ni wiki za mwanzo. Ncha ya waya bado haijashikana na nyama ya moyo. Akivuta henza, kamba ya kupandishia tanga, mkono ukiwa juu ya kichwa, waya waweza kuchomoka na kizunguzungu kikarudi. Kwa wiki 4 hadi 6 kiwiko kisipande juu ya bega. Hata hivyo mkono usifungwe kabisa, bega litakakamaa: ale, avae, avute tasbihi kama kawaida. Na tafadhali, msimchue pale kwa mafuta, wala msikubali mtu autoboe uvimbe kwa sindano. Viini vikishaingia, kiboksi na waya vyote hung'olewa.

Muulizeni daktari waya utakaa wapi. Ikiwa njia ya umeme ya moyo imekatika kabisa, karibu kila pigo litatoka kwenye kifaa. Miaka mingi waya uliwekwa chini kabisa ya chumba cha moyo cha upande wa kulia. Pigo likianzia hapo, pande mbili za moyo hazikazi pamoja, na wagonjwa wengine moyo huwadhoofika. Siku hizi waya huweza kuskurubiwa ndani ya ukuta unaotenga pande hizo mbili, penye njia ya umeme ya moyo wenyewe. Kwa baba yenu ningeliuliza hilo kwanza. Kipo pia kifaa kisicho na waya, kama kidonge kikubwa, gramu 2 hivi, hupitia mshipa wa paja. Ila ni ghali, na betri ikiisha kukitoa si rahisi.

SWALI: Nina betri ya moyo. Simu naweza kuitia mfuko wa shati? – Msomaji, Malindi

JIBU: Hapana. Iwe umbali wa sentimita 15, na usikilize kwa sikio la upande wa pili. Simu nyingine zina sumaku. Ikikaribia, kifaa huacha kuusikiliza moyo, kikawa kinapiga kwa kasi moja tu mpaka uiondoe.