Kona ya Fundi: Macho yanawaka saa nane usiku

SWALI: Shikamoo mzee wa Kona. Mimi kijana niko Mbeya najifunza weldingi huu mwezi wa nne, tunatengeneza mageti na grili za madirisha. Kijiweni ngao ya uso ni moja tu na anaishika bosi, mimi nikimshikia nondo nageuza uso au navaa miwani ya jua. Juzi tumechomelea kutwa nzima, jioni niko freshi kabisa, saa nane usiku macho yakaanza kuwaka kama yamemwagiwa mchanga, machozi yanatiririka, taa siwezi kuiangalia. Jirani kaniambia niweke maziwa ya mama anayenyonyesha nikaweka. Itaisha yenyewe? Na miwani ya jua kwani haitoshi?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Moto wa weldingi umekupiga. Ule mwanga una mionzi ya urujuanimno ambayo huioni, inababua ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, na mbabuko huo hauumi palepale, unakuja kuuma baada ya saa sita mpaka kumi na mbili ndo maana jioni ulijiona mzima. Kwa kawaida unapona ndani ya siku moja au mbili. Kaa kwenye giza, usifikiche, weka kitambaa cha maji baridi juu ya kope, meza panadol. Siku ya pili ikiisha bado, au unaona ukungu, au linauma jicho moja tu, nenda kliniki ya macho.

Maziwa acha. Hapo juu ya jicho sasa hivi ni kidonda na maziwa yanaingiza wadudu. Na yale matone ya ganzi wanayokuwekea hospitali ili wakuangalie usiombe kwenda nayo nyumbani, yanachelewesha kupona.

Kugeuza uso hakusaidii sana, mwanga unagonga bati na ukuta unakurudia. Miwani ya jua giza lake ni dogo mno halafu pembeni iko wazi, kioo cha kuchomelea kwa umeme giza lake ni kama namba 10 mpaka 13 (namba ikiwa kubwa giza ni zaidi), cha gesi ndo karibu na 5, namba inaandikwa kwenye kioo chenyewe.

Ila mimi moto wa weldingi haunitishi kama grenda, ile mashine ya kukata na kusaga chuma. Ile ndogo ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na mimi mwenyewe enzi zangu ilinirushia kichembe nikasema aah kitatoka na machozi, nikalala nacho, asubuhi kimeshaota kutu ndani ya jicho, daktari akakichokoa kwa sindano huku namwona anavyokuja nayo. Sikuwa nakata hata chuma kikubwa, nasawazisha kona ya geti tu! Ukigonga nyundo kwenye chuma ni mbaya zaidi, kipande kinaweza kupenya ndani kabisa na maumivu yakawa kidogo, hicho usikiguse, usioshe, usikandamize, funika na kikombe safi uende hospitali.

Sasa angalia ninyi mnavyofanya: mkimaliza kuchomelea mnainua ngao muone, mnagonga slagi, lile ganda linalobaki juu ya weldi, na slagi ya moto inaruka hapohapo uso uko wazi. Kwa hiyo chini ya ngao vaa miwani myeupe ya plastiki ngumu yenye ubavu, tafuta iliyogongwa Z87 au EN 166, ndo alama za viwango vya miwani ya usalama, usiivue mpaka kazi iishe.

Kuhusu bosi, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bure. Najua kumwambia mtu anayekufundisha kazi ni mtihani, mwambie tu kwa heshima kwamba nondo utamshikia ngao ya pili ikija.

SWALI: Mzee, shemeji yangu anapaka chokaa dari bila miwani, ikimdondokea machoni tufanyeje? Mama wa Tanga.

JIBU: Mama, maji safi ya bomba palepale, mengi, yatiririke dakika 20 au zaidi kope zikiwa wazi, na kama kuna vidonge vya chokaa chini ya kope mvitoe kwa kitambaa safi kilicholowa. Msiweke siki wala ndimu eti kuivunja nguvu. Chokaa inaendelea kula jicho hata baada ya kuoshwa, kwa hiyo hospitali lazima mwende siku hiyohiyo, na ule mfuko wa chokaa mwende nao daktari auone.