Nambari zako zinaanzia kwenye daftari la maabara

Kila msimu wa fomu za kupandishwa cheo unapofika, vijana ninaofanya nao kemia ogania huniuliza swali lile lile: nifanye nini ili makala zangu zirejelewe zaidi? Wanatarajia niwatajie majarida. Mimi huwasimulia habari ya maji.

Miaka kadhaa iliyopita tulichapisha mmenyuko wa Suzuki, unaounganisha kaboni ya molekuli moja na ya nyingine, tulioufanya kwa kichocheo cha paladiamu, kaboneti ya potasiamu na kiyeyushi cha dioksani. Mavuno yalikuwa mazuri, tukafurahi. Baadaye nikapata barua pepe ya mwanafunzi nisiyemjua: ameurudia mara tatu, na kila mara unakwama katikati. Nilidhani kosa ni lake. Nikafungua daftari, nikaufanya upya kwa mikono yangu, ndipo nikagundua. Yeye alikuwa ameikausha dioksani kwa uangalifu mkubwa, kama tunavyofundishwa. Sisi tuliimimina tu kutoka kwenye chupa ya siku nyingi, iliyokwisha kunyonya unyevu, na maji yale kidogo ndiyo yaliyokuwa yakiusukuma mmenyuko. Hatukuyaandika popote. Makala ile hadi leo haina warejeleaji wa maana, na sioni ajabu: mtu akishindwa kurudia kazi yako, ataachana nayo na kutafuta nyingine.

Makala iliyofuata tuliipeleka kwenye jarida la kawaida kabisa, ila kiambatisho chake kilisema kila kitu: mililita za maji, rangi ya mchanganyiko unapokuwa tayari, hata kampaundi zilizogoma. Hiyo ndiyo inayorejelewa kuliko zangu zote.

Ukitazama kazi ambazo wakemia wamezirejelea maelfu ya mara, utaona jambo hilo hilo. Mwaka 1978 W. Clark Still na wenzake walieleza kromatografia ya haraka ya safu, njia ya kutenganisha kampaundi zilizochanganyika. Mwaka 1997 Gottlieb, Kotlyar na Nudelman walichapisha majedwali ya mahali viyeyushi vya kawaida vinapojitokeza kama uchafu kwenye spektra za NMR, kipimo cha kutambua muundo wa molekuli. Majedwali tu! Lakini nani kati yetu hajayafungua akiwa na kilele asichokielewa kwenye spektra yake?

Kuhusu fahirisi ya h, ambayo mwanafizikia Jorge Hirsch aliipendekeza mwaka 2005, ijue lakini usiiabudu. Ukiwa na h ya 12, maana yake una makala 12 zilizorejelewa angalau mara 12 kila moja. Haishuki kamwe, na haisemi ni nani aliyesimama mbele ya chupa ya mmenyuko. Kiwango cha ushawishi wa jarida, yaani wastani wa mara ambazo makala zake za karibuni hurejelewa, nacho kinapotosha zaidi. Jarida la Acta Crystallographica A lilipanda kutoka takriban 2 hadi karibu 50 katika hesabu ya mwaka 2009, kwa sababu ya makala moja ya George Sheldrick kuhusu SHELX, programu za kuchambua muundo wa fuwele. Waandishi wengine waliochapisha humo hawakuwa wamebadilika kwa lolote.

Kuna jambo moja linaloniuma bado. Wasifu wangu wa Google Scholar, huduma inayohesabu marejeleo, uliwahi kuingiza makala za mtu mwingine mwenye jina kama langu. Niliziona, nikaziacha, kwa kuwa zilipandisha nambari. Kwenye usaili mmoja nikaulizwa kuhusu polima ambazo sijawahi kuzitengeneza. Nilikaa kimya, na kimya kile sitakisahau. Kwa hiyo nakusihi: chukua namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu 16, uitumie kila unapowasilisha kazi, na usafishe wasifu wako kwa mkono wako. Ukiandika idadi ya marejeleo, taja chanzo na tarehe, maana Google Scholar huhesabu hata tasnifu na mara nyingi huipita Scopus, hifadhidata nyingine ya marejeleo.

Tangu mwaka 1921, jarida la Organic Syntheses halichapishi utaratibu wowote kabla haujarudiwa katika maabara nyingine. Sisi hatuna maabara ya pili. Basi wiki hii, kabla ya kutuma makala yetu mpya, nimempa kiambatisho mwanafunzi asiyehusika na kazi hiyo, nikamwambia aufanye mmenyuko bila kuniuliza neno. Asipofanikiwa, makala haitumwi.