Koili ya projekta inaungua kila ikisukwa

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga. Nina projekta mbili za milimita 35 zilizotoka kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa. Ni za Marekani, zimeandikwa volti 115, hezi 60 (mipigo ya umeme kwa sekunde), nami naziwasha kupitia transfoma ya kushusha umeme. Koili inayovuta kilango cha mwanga kwenye mashine moja iliungua. Fundi mota akaisuka upya, ikadumu wiki mbili ikaungua tena. Sasa kwenye mita inasoma ukinzani wa ohimu 8, na mwenzake kwenye mashine ya pili, ambaye ni mzima, anasoma 13. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usimlaumu sana fundi wako, huenda alisuka vizuri tu. Ohimu 8 badala ya 13 maana yake vanishi ya waya imeyeyuka na mizunguko imegusana. Koili hiyo haina dawa, ni ya kusuka. Lakini kabla ya kununua waya, tafuta kilichoiunguza.

Koili hii iliumbwa kwa kazi ya kufumba na kufumbua. Reli moja ya futi 2,000 huisha baada ya dakika 20 hivi. Alama ndogo ikitokea kwenye kona ya juu kulia ya picha, opareta anakanyaga swichi, kilango cha mashine moja kinafunguka na cha nyingine kinafunga. Umeme umepita kwa muda mfupi tu. Swichi ya mguu ikiganda, koili inachemka mpaka iungue.

Mara nyingi zaidi, mwizi ni chuma cha katikati, kile kinachovutwa ndani kama mchi kwenye kinu. Kwenye umeme wa AC (ule wa ukutani, unaogeuka mwelekeo kila mara), koili hupunguza umeme kwa sumaku yake yenyewe, na sumaku hiyo hukamilika mchi ukiingia wote. Ukikwama nusu njia kwa grisi iliyokauka, umeme unaopita ni mwingi kupita kiasi. Mchomoe, usafishe kwa spiriti, na usipake mafuta tena. Unga kidogo wa grafaiti unatosha. Ukiusukuma kwa kidole, uteleze wenyewe. Kwenye uso wa chuma utaona pete ya shaba. Usiing'oe wala usiipige tupa, ikikatika kilango kitalia kama nyuki.

Jambo la pili wengi hulisahau: transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo sumaku ndani ya koili inazidi kwa asilimia 20. Peke yake haiunguzi koili ya kazi fupi, ila inaongeza joto juu ya joto. (Sikiliza na sauti ya filamu. Kama mota ni ile inayofuata hezi na puli haikubadilishwa, picha 24 kwa sekunde zimekuwa 20, na mwanamke anaongea kama mzee.)

Kwa hiyo usiisuke kama ilivyokuwa. Ifungue polepole ukihesabu mizunguko, choma vanishi ya kipande cha waya, kisha upime unene kwa maikromita. Mizunguko izidishe kwa 1.2, unene ugawe kwa 1.1. Tuseme umekuta mizunguko 800 ya waya wa milimita 0.40: suka 960 kwa 0.36. Ukimaliza, isome karibu ohimu 19. Ikisoma chini ya 17, umehesabu vibaya au umekwangua waya. Nunua waya wa kuhimili joto la nyuzi 180, chovya vanishi, uikaushe mpaka ndani kabisa. Ile ya kuanikwa juani kwa saa moja tu ndiyo inayorudi dukani.

Wakati huohuo, nyaya zenye kitambaa cheupe kwenye nyumba ya taa ya projekta usizikwangue wala kuzipuliza. Za umri huo mara nyingi zimefungwa asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu.